UZI: Hesabu ya injekta, pampu na paipu za mafuta kwa injini ya turbo ya farasi 400 hadi 600 (Nairobi)

#1 Spana_14

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya mfumo wa mafuta yanarudi kila wiki na jibu ni lile lile: "funga pampu ya 255 na injekta za 1000, utulie." (255 ni lita kwa saa, 1000 ni cc kwa dakika.) Hilo jibu halimsaidii mtu. Kuna injini inayotosheka na 255 na nyingine itakayotoboa pistoni kwa sababu yake, na tofauti inajulikana kwa kalamu kabla hujatoa shilingi. Naanza na hesabu, mtaongeza.

Anza na nguvu ya krankishafti, si ya magurudumu. Dino nyingi (mashine za kupima nguvu ya gari) zinasoma magurudumuni. Subaru au Evo ya 4WD, gawanya namba ya dino kwa 0.8. Chaser au Mark II inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gawanya kwa 0.85. Ukitaka 320 magurudumuni kwenye Impreza, injini inatakiwa itoe 400.

Injini ya turbo inayotumia petroli, mchanganyiko (hewa kwa mafuta) ukiwa 11.5 hivi boosti (presha ya hewa inayoongezwa na turbo) ikijaa, hula karibu gramu 270 za mafuta kwa kila farasi kwa saa. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi. Geuza uone: cc 6.1 kwa dakika kwa kila farasi. Injini isiyo na turbo, weka 5.

Farasi 400: 400 × 6.1 = cc 2,440 kwa dakika. Gawanya kwa injekta 4, unapata 610. Hiyo ni injekta ikiwa wazi muda wote bila kufunga, jambo ambalo halifai. Tunataka iwe wazi asilimia 85 ya muda kwa juu kabisa: 610 ÷ 0.85 = cc 718.

Sasa 2JZ (injini ya Toyota ya silinda 6) ya farasi 600: 3,660 ÷ 6 = 610, ÷ 0.85 = 718. Namba ile ile, kwa sababu zote mbili ni farasi 100 kwa silinda. Shika hiyo kichwani: farasi 100 kwa silinda ni injekta ya 720. Mwenye lengo la 125 kwa silinda anahitaji 900.

#2 JZ_Embakasi

Umeeleza vizuri, mkuu. Naongeza sababu ya hiyo 85, maana kuna wanaodhani ni woga tu.

Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, mzunguko kamili wa silinda moja huchukua milisekunde 17.1. Asilimia 85 ni milisekunde 14.6. Injekta haifunguki papo hapo ikipata umeme. Huchelewa karibu milisekunde 1 betri ikiwa volti 14, na zaidi volti zikishuka. Ukiisukuma hadi 95 inabaki chini ya milisekunde 1 ya kufunga na kufunguka tena. Hapo haifungi sawasawa, inamwaga bila mpangilio, na kila silinda inapata kiasi chake. Senso ya mchanganyiko iko kwenye ekzosi baada ya silinda zote kuungana, kwa hiyo inakuonyesha wastani mzuri huku silinda moja ikiungua peke yake.

Pia kumbukeni namba ya injekta huambatana na presha iliyopimwa nayo. Injekta nyingi hupimwa kwa bar 3. Ukipandisha presha ya msingi hadi 4, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 4/3, yaani 1.155. Injekta ya 720 inakuwa 830. Ni njia halali ya kupata nafasi kidogo, lakini gharama yake inaangukia pampu.

#3 Kasi_Ngong

Hesabu hizo ni za wapi, Nairobi au pwani? Wengi wanatuni hapa halafu Disemba wanateremka Mombasa na gari lile lile.

#4 Spana_14

Ndugu, umegusa penyewe. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote hapa kwetu.

Nairobi hewa ina presha ya karibu bar 0.83. Mombasa ni bar 1.01. Boosti ya bar 1.5 kwenye geji ni nyongeza juu ya hewa iliyopo. Kwa hiyo ndani ya manifoldi Nairobi una 2.33, Mombasa una 2.51. Geji inasoma 1.5 pote, lakini kule injini inavuta hewa karibu asilimia 8 zaidi na inataka mafuta asilimia 8 zaidi. Injekta iliyokuwa 85 inakwenda 92. Pampu iliyokuwa inatosha kwa shida inaishiwa.

Hata kuteremka Magadi tu, karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, utaona sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

#5 JZ_Embakasi

Hapo nisahihishe kidogo. 8 ni ya presha peke yake. Joto la pwani linapunguza uzito wa hewa, na unyevu nao unachukua nafasi yake. Kwa kweli utaona 5 hadi 8 kutegemea interkula yako (kipoza hewa ya turbo). Na kama kompyuta inaongoza boosti kwa presha kamili badala ya nyongeza, itashusha boosti yenyewe na tofauti inapotea. Wenye springi ya westigeti (vali inayozuia boosti isizidi) pekee ndio inawapata moja kwa moja.

Ila joto hilo linaleta noki (mafuta kujilipukia ndani ya silinda). Kwa hiyo nafasi ya mafuta bado unaihitaji, pengine zaidi.

#6 Spana_14

Kweli, nakubali. Basi kwa 718 usinunue 720. Nenda 800 au 850. Kuruka hadi 1300 "kwa ajili ya baadaye" sikushauri, isipokuwa injekta ni za kisasa na zimekuja na jedwali la ucheleweshaji kwa kila volti. Injekta kubwa isiyo na jedwali inasumbua injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta): inafunguka muda mfupi mno, na katika muda huo mfupi haimwagi sawa kila mara. Gari linanuka petroli kwenye foleni ya Mombasa Road na plagi zinakuwa nyeusi.

Kabla ya kuagiza, fungua uangalie reli yako (paipu inayogawia injekta mafuta). Subaru zipo zinazoingiza mafuta kwa juu ya injekta na zipo za ubavuni, hazibadilishani. Pima pia ukinzani kwa mita: ohm 12 hadi 14 ni za kawaida siku hizi, ohm 2 hadi 3 ni za zamani zinazohitaji boksi la rezista. Evo nyingi zimetoka kiwandani na boksi hilo. Ukifunga za ohm 12 ukaliacha, injekta inapata umeme hafifu na inachelewa kufunguka. Litoe kwenye saketi.

#7 Bi_Turbo_Ngara

Wakuu, nije kwenye pampu, maana hapo ndipo pesa zinapotea.

Namba iliyo kwenye jina la pampu, 255 au 340 au 450, ni lita kwa saa ikisukuma presha ndogo, mara nyingi karibu bar 2.8, kwa volti 13.5. Gari lako haliko hapo. Regyuleta ya presha ya mafuta inaongeza presha bar moja kwa kila bar ya boosti. Msingi 3, boosti 1.5: pampu inasukuma dhidi ya 4.5. Kila presha ikipanda, lita zinapungua. Tafuta chati ya mtengenezaji, soma mstari wa bar 4.5, usisome jina.

Mahitaji:

Farasi 400: cc 2,440 kwa dakika × 60 = lita 146 kwa saa. Ongeza asilimia 20: lita 176 kwa saa kwa bar 4.5. Hapa 255 halisi inatosha.

Farasi 600: lita 220, ongeza 20 unapata 264 kwa bar 4.5. 255 haifiki kabisa. 340 iko ukingoni. Weka 450 au pampu mbili.

Zile asilimia 20 ni za filta inayoziba polepole, pampu inayozeeka, na safari ya pwani aliyoisema Spana. Usizile kwa kuongeza boosti.

Feki nazo ni nyingi mjini, na ganda lake linafanana na halisi hadi maandishi. Kipimo ni ndoo. Chomoa paipu ya kurudisha karibu na tangi, iingize kwenye jerikani yenye alama za lita, chomoa hosi ya vakyumu ya regyuleta, kaza regyuleta hadi geji isome 4.5, washa pampu kwa relei injini ikiwa imezimwa na betri ikiwa kwenye chaja yenye kutoa volti 13.5. Hesabu sekunde 30. Ukipata lita 2, hiyo ni 240 kwa saa. Fanyeni nje, mbali na cheche, kizimamoto cha poda kikiwa mkononi mwa mtu wa pili. Asiwe mtu yule yule anayeshika jerikani.

#8 Waya_Mwekundu

Dada kasema volti 13.5. Magari mengi hapa pampu inapata 11 na kitu, na watu wanabadilisha pampu mara tatu wakati ugonjwa ni waya.

Pampu ya 450 ikisukuma bar 4.5 inaweza kuvuta ampea 18 hivi. Waya wa kiwandani kwenda nyuma uwe wa 1.25 mm² na urefu wa mita 5: unapoteza volti 1.2 njiani, kabla hujahesabu konekta zenye kutu na ardhi mbovu. Waya wa 4 mm² kwa urefu huo unapoteza 0.4. Volti moja na nusu ikipotea, pampu inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya lita zake, na inapoteza wakati ule ule injini inapozihitaji.

Kazi yenyewe: toa waya wa 4 mm² kutoka betri, fyuzi ya ampea 30 ndani ya sentimita 20 za betri, peleka nyuma hadi relei ya ampea 40 iliyo karibu na tangi, pini 30. Pini 87 kwenda pampu. Pini 86 ipate ishara ya asili ya pampu, 85 ardhi. Ardhi ya pampu iwe nayo 4 mm², kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, ikazwe, kisha ipakwe rangi juu yake.

Angalieni hiyo ishara. Subaru za turbo zina kontrola inayokatakata umeme wa pampu ili ipungue injini ikitulia. Ukichukua ishara baada ya kontrola, relei inatetemeka na pointi zake zinaungua. Chaser na Supra nazo zina kompyuta ya pampu inayotoa volti 9 hivi mwendo ukiwa mdogo. Chukua ishara kwenye relei ya pampu, kabla ya kontrola.

Usichukue kwenye swichi ya ufunguo moja kwa moja. Kompyuta inazima pampu injini ikisimama. Ukiikwepa, gari likipata ajali na paipu ikakatika, pampu inaendelea kumwaga petroli barabarani.

Na mfuniko wa pampu juu ya tangi: pini zake za kiwandani zilitengenezwa kwa ampea chache. Zikizidiwa, plastiki inayozizunguka inakuwa ya kahawia kama chai ya rangi, halafu inalainika na pini inalegea. Ukiona hiyo rangi, weka konekta mpya ya kupitisha umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya ndani ya petroli.

#9 Kasi_Ngong

Shukran sana. Je, paipu za kurudisha? Kuna aliyeniuliza kwa nini presha yake haishuki chini ya 3.7 hata akifungua regyuleta yote.

#10 Spana_14

Regyuleta yake haina kosa. Pampu kubwa, paipu ndogo.

Injini ikiwa sailensa inakula lita mbili tatu kwa saa. Pampu ya 450 inazirudisha zilizobaki zote, lita mia nne, kupitia paipu ya kiwandani nyembamba. Paipu inakuwa ndiyo regyuleta. Mpe namba 6 (saizi ya paipu, AN-6) kwenda na namba 6 kurudi. Kwa farasi 600 za petroli namba 6 inatosha, namba 8 ni ya wanaokwenda mbali zaidi au wa ethanoli.

Kupima: injini ikiwa sailensa chomoa hosi ya vakyumu uzibe kwa kidole. Isome 3.0. Irudishe, ishuke. Hapa Nairobi itashuka hadi 2.5 hivi, pwani itashuka hadi 2.3, kwa sababu vakyumu inapimwa dhidi ya hewa ya nje na hewa yetu ni nyepesi. Ndiyo maana regyuleta inasetiwa hosi ikiwa imechomolewa. Aliyeseti ikiwa imechomekwa amejiongezea au kujipunguzia bila kujua.

Hosi hiyo ndogo iwe na klipu pande zote mbili na itoke manifoldini peke yake, isigawane na blowofu (vali ya kutoa boosti ukiachia mafuta). Ikichomoka kwenye boosti ya 1.5, reli inabaki na 3, manifoldi ina 1.5, tofauti ni 1.5 tu badala ya 3. Injekta inatoa asilimia 71 ya kiasi chake. Hapo pistoni haidumu hata gia moja.

#11 Bi_Turbo_Ngara

Wenye Subaru, tahadhari. Tangi lenu lina mabonde mawili, propela shafti inapita katikati. Pampu iko bonde moja. Mafuta ya bonde la pili yanavutwa na kifaa kidogo kinachoendeshwa na mafuta yanayorudi. Ukielekeza mafuta yanayorudi kwingine, kifaa hicho hakina cha kukiendesha. Geji inaonyesha robo tangi, pampu inanyonya hewa. Rudisheni pale pale, au wekeni pampu ndogo ya kuhamisha.

Na chini ya robo tangi, kona kali inayapeleka mafuta upande mmoja. Kwa gari la kushindana, tangi dogo la lita 1.5 hadi 2 linaloshibishwa na pampu ya kwanza, na pampu kubwa inyonye humo. Pampu ya nje iwekwe chini ya usawa wa mafuta, karibu kabisa na tangi. Kwa mwinuko wetu petroli inachemka kwa joto dogo kuliko pwani, na pampu inayonyonya kutoka mbali inatengeneza mvuke yenyewe.

#12 JZ_Embakasi

Vifaa vidogo vinavyoharibu kazi kubwa:

Hosi ya ndani ya tangi lazima iwe na maandishi 30R10. Hosi ya kawaida ya mafuta imetengenezwa kuwa na petroli ndani na hewa nje. Ikizamishwa inavimba, inalainika, inapasuka au kuchomoka, na presha inapungua bila tone lolote kuonekana chini ya gari.

Filta: maikroni 100 kabla ya pampu, maikroni 10 baada yake. Usiweke ya 10 upande wa kunyonya, pampu itakosa pumzi.

Hosi ya tefloni yenye wavu wa chuma: funga utepe, kata katikati ya utepe kwa diski nyembamba, toa nyuzi zote, safisha ndani. Kisha pulizia hewa na upitishe petroli safi kwenye chupa kabla ya kuunga kwenye reli. Vipande vya wavu ni vyembamba kama unywele na vinalala kwenye filta ndogo ya injekta. Silinda hiyo inakosa mafuta na mashine ya dino haikwambii ni ipi.

Pete za mpira za injekta zipakwe oili safi ya injini. Injekta ikishakaa, izungushe kwa vidole. Ikigoma, pete imebanwa, itoe.

#13 Mgeni_Kikuyu

Samahani wakuu, E85 (ethanoli asilimia 85 na petroli) haipatikani kwenye vituo. Ethanoli ya kupikia ikichanganywa na V-Power inafaa?

#14 Spana_14

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Ethanoli ya kupikia ina maji ndani yake. Maji yakizidi kidogo, au ubaridi wa asubuhi ukiingia, mchanganyiko unajitenga: petroli juu, ethanoli na maji chini, na pampu inanyonya chini. Injini inapata kitu ambacho hakuna ramani iliyoandikwa kwa ajili yake.

Mwenye ethanoli kavu iliyopimwa, akiichanganya kuwa E85, ahesabu ujazo zaidi kwa asilimia 35 hivi. Ile 718 inakuwa 970, ile pampu ya 264 inakuwa 356 kwa bar 4.5. Aweke na senso ya kusoma kiwango cha ethanoli, asikisie.

#15 Waya_Mwekundu

Na petroli yenyewe. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchanganyaji, maana yake tatizo lilikuwa kubwa. Mafuta ya taa yanashusha okteni, na hakuna ukubwa wa injekta unaotibu noki ya aina hiyo. Gari la farasi 600 lijaze kituo kimoja unachokiamini, na siku ya dino uende na mafuta ya kituo hicho hicho.

#16 Kasi_Ngong

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kila kitu kimefungwa. Kwenye dino tunathibitisha vipi kwamba mafuta yanatosha? Watu wanaangalia mchanganyiko tu.

#17 JZ_Embakasi

Mchanganyiko peke yake unadanganya, kwa sababu anayetuni anaweza kuficha pampu dhaifu kwa kuongeza muda wa injekta hadi unafika mwisho.

Funga senso ya presha ya mafuta kwenye reli, iingie kwenye kompyuta. Rekodi vitu vitano pamoja: presha ya reli, presha ya manifoldi, asilimia ya injekta, volti, mchanganyiko. Toa presha ya manifoldi (ya geji, yaani boosti, si presha kamili) kwenye presha ya reli. Jibu libaki 3.0 kuanzia chini hadi mwisho wa mzunguko. Boosti 1.5, reli 4.5.

Tuseme juu ya mizunguko 6,000 reli inasoma 4.1. Tofauti ni 2.6. Injekta inatoa asilimia 93. Mchanganyiko uliokuwa 11.5 unakwenda 12.4, ukiwa na boosti yote. Simamisha dino hapo hapo. Ukiona volti zimeshuka pamoja nayo, rudi kwa Waya_Mwekundu. Volti zikiwa sawa, angalia filta, halafu pampu.

Kisha andika kinga kwenye kompyuta: tofauti ikishuka chini ya 2.7 kwa robo sekunde huku boosti iko juu ya 0.5, ikate boosti.

Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza kabisa: washa pampu mara tano bila kuzungusha injini, tembeza tishu nyeupe kwenye kila kiungo ukimulika kwa tochi. Petroli kidogo inakauka kabla jicho halijaiona, lakini tishu inabaki na alama. Rudia baada ya injini kupata moto na kupoa mara moja, kwa sababu alumini ya viungo inalegea kidogo ikipoa, na kile kilichokuwa kikavu asubuhi ndicho huanza kutoa unyevu jioni.